Venansi Hakulishwa Sumu

Wapendwa mliopanda mlima huu wa Bugendana tangu alfajiri, wengine kwa miguu kutoka Mutaho, wengine kwa basi dogo kutoka Muyinga mjini, na nyinyi wa Tanzania ambao vumbi la safari bado liko viatuni, mimi naitwa Jovina, ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake kwa Kiswahili, maana hicho ndicho tulichokulia, Kirundi atakisoma mwingine baada yangu, na mtanisamehe sauti ikipanda, kwa sababu kaka yangu hakuwa mtu wa kusomewa kwa kunong'ona, na leo nina jambo kifuani ambalo lazima nilitoe kabla hatujamshusha kaburini.

Venansi Barutwanayo alizaliwa Jumapili ya Matawi, tarehe 3 Aprili 1966, hapa hapa Bugendana, mkoa wa Gitega, mtoto wa kwanza wa marehemu baba na marehemu mama, katika nyumba iliyokuwa pale mnapoona migomba mitatu imesimama peke yake, na baba yetu alikuwa mkulima wa maharage na ndizi, lakini sifa yake kubwa ilikuwa urwarwa, pombe yake ya ndizi, watu walitoka vilima vya mbali kuja kuinywa, na wazee wachache walio hapa bado wanaisifia mbele yangu, mimi ambaye sikuwahi hata kuinusa.

Mwezi wa tano mwaka 1972, mwaka ule wa mauaji, mchana kweupe, watu walikuja wakamwambia baba kuna maswali machache anatakiwa akayajibu, baba akaacha jembe shambani, akamwambia mama anarudi sasa hivi, na hakurudi. Mama akatoka na watoto wake wawili, Venansi wa miaka sita akishika kitenge chake, mimi mgongoni, wakapita njia za porini mpaka Muyinga, huko Mwakiro watu ambao hawakutujua wakatupa muhogo wa kuchemsha na mahali pa kulala, kisha tukavuka mpaka, na hatimaye tukafika Ulyankulu, Tabora, kwenye makazi ya wakimbizi, ambako tulikaa mpaka tukaona ndiko kwetu.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapo Ulyankulu kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akamaliza darasa la saba, hodari wa hesabu, mbovu wa kuimba, na msumbufu wa maswali kuliko watoto wote wa mtaa ule. Siku moja alimuuliza mama kama wale waliomchukua baba nao walikuwa na watoto nyumbani, mama akamtuma maji, akarudi na ndoo akauliza tena, mama akamtuma kuni, akarudi na kuni akauliza tena, jamani, mama akakaa chini akalia, na kuanzia hapo Venansi hakumuuliza mama tena, lakini aliwauliza watu wengine wote, mpaka Jumamosi iliyopita. Ukatili unatoka wapi, ndilo lilikuwa swali lake, na si kwa kitabu, aliuliza huku ameshika spana.

Kazi ya baiskeli alianza kujifunza mwaka 1981, akawa fundi kamili mwaka 1985, na tarehe 23 Julai 1988 alifunga ndoa takatifu na dada yetu Emerensiana, huyu mnayemwona amekaa hapa mbele, binti wa watu wa Mwakiro aliyekulia Ulyankulu kama sisi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Moses mwaka 1989, Happy mwaka 1993, na Bahati mwaka 1998. Siku ya harusi alimbeba bibi harusi kwa baiskeli aliyoiunda mwenyewe kutoka baiskeli nne mbovu, breki zikakataa kwenye mteremko wa kanisa, wakapitiliza mpaka shamba la tumbaku la watu, na Emerensiana akatoka humo akicheka na shela limejaa majani, na mimi niliyekuwa nakimbia nyuma yao najua kwamba ndoa ile ilianza kwa kicheko na haikuacha kucheka.

Mwaka 2004, habari za amani zilipoanza kuaminika, alitangulia peke yake kuja kuonja nchi, akafikia Muyinga mjini, kwenye kibaraza cha mzee Uthmani na mama Amisa, ambao wamefika leo asubuhi, karibuni sana wazazi wetu, na hapo alifanya kazi miaka minne, akitengeneza baiskeli mchana na kuuliza maswali jioni, mpaka mzee Uthmani akawa anamwambia, “We Venansi, we unauliza sana, na magurudumu ya watu iko hapa inakungoja.” Lakini mzee alikuwa anamjibu pia, msimsikilize, walikuwa wanakaa wote wawili mpaka chai inapoa, Muislamu na Mkristo, wakitafuta nani alianza, nani alifuata, na Venansi alisema wakati ule aliamini kabisa kwamba ukatili unatoka kwa watu wabaya, yaani kuna watu wabaya na kuna sisi.

Tarehe 19 Agosti 2008, baada ya yeye kuja kutuchukua Ulyankulu, tulirudi wote, familia nzima, kwa lori kupitia Ngara mpaka mpakani Kobero, na hapo naomba ninyanyue mikono kabla sijaendelea, maana sijui niwaeleze vipi furaha ile! Watoto waliozaliwa Tanzania wanaona Burundi kwa mara ya kwanza, kila mtu anaimba wimbo wake, Venansi amening'inia nyuma ya lori anapigia kelele kila kilima kama anakijua, na mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na saba, nilishuka nikakumbatia mgomba wa mtu nisiyemjua, mwenye mgomba akanitazama, na yeye akaanza kucheka. Nchi ilikuwa imetulia, na sisi tulikuwa hai, tungetaka nini zaidi?

Tukafika hapa, na hapa palikuwa na watu. Shamba la baba walikuwa wamepewa watu wengine tulipokimbia, tena kwa ruhusa ya wakubwa wa wakati ule, na aliyekuwa analilima tulipofika ni Bonifasi, ambaye alizaliwa juu ya ardhi hii hii mwaka 1974, hakumfukuza mtu yeyote, alikuta mama yake analima akalima. Venansi hakuja na maneno makali, alijenga kibanda pembeni, akaomba kwa watu ndizi za kukamua, akajifunza kutengeneza urwarwa kwa kuuliza uliza, na Jumapili moja ilipokuwa tayari akamwalika Bonifasi, akamjazia kibuyu mpaka juu, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote, mbele ya watu.

Na hapo ndipo alipoharibu. Nyinyi wa hapa mmeshajua, naona mnashika vichwa, lakini kwa ajili ya wageni niseme, kwa Warundi mwenye nyumba anayempa mtu pombe huinywa kwanza yeye mwenyewe, akameza mgeni akiona, ndipo akampa, kwa sababu kila mtu hapa amesikia habari za sumu tangu utotoni, na mwenyeji asipoonja ni sawa na kumwambia mgeni kunywa ufe. Venansi hakuonja. Bonifasi akakishika kibuyu, akakitazama, akakiweka chini taratibu, akaaga, akaenda, na kabla jua halijatua kilima chote kilikuwa kinasema yule wa Tanzania amekuja kuua watu kwa ajili ya shamba, na sisi tumekaa tu tunajiuliza huyu bwana mbona ana dharau hivi, amekataa hata tone.

Wiki iliyofuata migomba tuliyokuwa tumepanda kando ya kibanda ikakatwa, kumi na kitu, imelala chini yote, na mpaka leo hatujui nani aliikata. Kaka yangu akachukua panga, mchana, nikamwona anapita, nikamwita hakuitika, akaenda moja kwa moja kwa Bonifasi, na haya ninayowaambia sasa aliyasema mwenyewe mara nyingi, tena hadharani, kwa hiyo simvunjii siri, alisema kilichomtisha njiani si hasira, hasira alishaizoea, kilichomtisha ni kwamba alikuwa anasikia raha. Ndiyo, raha! Alisema mwili ulikuwa mwepesi, hakuna swali hata moja kichwani, yeye aliyejaa maswali tangu utoto, kila kitu kimekuwa wazi, adui anajulikana, njia inajulikana, na akaona kwa mara ya kwanza katika maisha yake kwamba wale waliokuja kumchukua baba huenda walitembea hivyo hivyo, wepesi, wakijiona wako sawa kabisa.

Akafika uani kwa Bonifasi, akamkuta amesimama mlangoni na yeye ana panga, watoto wamefungiwa ndani. Venansi akautazama mlango ule, kisha panga lililo mkononi mwake mwenyewe, na hapo, alisema, akaliweka chini, akakaa vumbini kama mtoto, akauliza swali, nimekukosea nini, na Bonifasi akajibu kwa sauti ya kulia, “We ulinipa pombe, we mwenyewe haukuonja, mi ningejua nini?” Venansi akamtazama, kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, mke wa Bonifasi akadhani amerukwa na akili, kwa sababu kumbe! Kumbe mtu mzima wa miaka arobaini na miwili hajui kwamba pombe huonjwa, na angejua wapi? Wa kumfundisha aliacha jembe shambani mwaka 1972, na mama huko Ulyankulu aliingia kanisa lisilotaka pombe, nyumba yetu haikuwa na mtungi.

Kuanzia siku ile kaka yangu akawa na jibu lake, wala simaanishi ndilo jibu la wote, wasomi wana majibu yao, lakini yeye alisema ukatili wa kwanza hauondoki na waliokufa tu, unachukua pia vitu vidogo vidogo ambavyo watu walikuwa wanafundishana ili wasiogopane, na miaka thelathini na sita baadaye mtu ananyoosha kibuyu kwa moyo mweupe, pale palipokuwa na kile kitu kidogo pako patupu, woga unaingia, na woga unajiita haki, na haki inachukua panga. Alikuwa akifika hapo anapiga tairi kofi, paa, anasema, basi tuanze kufundishana upya, tuna kazi nyingine gani!

Shamba waliligawana wenyewe, nusu kwa nusu, mbele ya wapatanishi wa kilima, mwezi wa pili 2009, na mpaka ni ile safu ya michikichi mnayoiona, na siku ile ilikuwa sherehe, jamani, Bonifasi alicheza mpaka akapoteza kiatu. Mwaka huo huo marehemu akafungua kazi yake Mutaho, kwenye kona ya soko, na wenzake wa baiskeli mnajua alivyokuwa, mtu akija na maneno ya fulani anasema na fulani amesikia, Venansi anaacha gurudumu linazunguka hewani, anafuta mikono, anasema twende tukamuulize mwenyewe, sasa hivi, mimi na wewe, na wengi walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wana shughuli nyingine. Na wawili kati ya waliokubali kwenda naye wamebeba jeneza lake leo.

Sasa naingia kwenye ugonjwa na kifo, na hapa naomba mtu asikohoe, asitoke kwenda kupokea simu, vijana mlioko kule nyuma karibu na migomba sogeeni, ndiyo, nyinyi, sogeeni.

Jumamosi tarehe 8 Februari 2014 Bonifasi alikuwa anamwoza binti yake, Venansi akaalikwa kama baba mkubwa wa bibi harusi, akapewa urwarwa, Bonifasi akaonja kwanza mbele ya watu wote, mimi nilikuwepo kwa macho yangu haya, Venansi akanywa mafunda mawili, akasimama kutoa hotuba, akaanguka. Jumanne tarehe 11, saa tano asubuhi, akafariki hospitalini mjini Gitega. Na kuanzia Jumanne jioni kilima hiki kinazungumza. Amelishwa. Ameanguka wapi, kwa nani, kibuyu cha nani. Eti Bonifasi amesubiri miaka mitano ili alichukue shamba lote. Jana asubuhi maharage ya Bonifasi yamekutwa yameng'olewa, shamba zima, na aliyefanya hivyo yuko hapa katikati yetu, anajifuta machozi, na nimesikia pia kwamba kuna wanaosema tumalize mazishi kwanza ndipo tupite kule. Ala! Mpite wapi? Mnataka kumzika Venansi kisha mkamzike mara ya pili?

Sikilizeni basi. Mwezi wa tisa mwaka 2013 marehemu aliaga kwamba anakwenda Bujumbura kufuata vipuri vya baiskeli, akakaa siku kadhaa, akarudi bila hata spoku moja, na sisi wote hatukuuliza. Alikwenda kupimwa. Presha ilikuwa juu kwa miaka mingi bila yeye kujua, ikamharibu figo, miguu ilikuwa inavimba, ndiyo maana alianza kuvaa zile gambuti hata wakati wa kiangazi, na sisi tukamtania, na alikuwa anatapika asubuhi nyuma ya choo ili watoto wasisikie. Mke wake peke yake ndiye aliyejua, alimwapisha asiseme, akamwambia watoto wakijua wataanza kunitazama kama maiti. Jana mimi na Emerensiana tulishuka mpaka hospitali, daktari akatueleza kwa maneno yanayoeleweka, figo zote mbili zilikuwa zimekufa, hakuna sumu, hakuna pombe, hakuna mkono wa mtu, siku zake zilikuwa zimehesabika tangu kabla ya Krismasi, na Emerensiana amenipa ruhusa nilisome hili mbele yenu, mwone, anaitikia kwa kichwa, mwulizeni sasa hivi kama kuna mwenye shaka, yuko hapa, daktari yuko Gitega, na barabara iko wazi.

Na wewe, Venansi, uliyelala hapo, nitakwambia ingawa umekufa, nakupenda mno lakini hapa ulikosea, kaka. Wewe uliyekimbiza uvumi kwa miguu kwenye kila njia ya Mutaho, uvumi wa kifo chako mwenyewe ukauachia mlango wazi, ukamwacha jirani yako amesimama na kibuyu mkononi mbele ya watu mia mbili na hana la kujibu. Ulitaka tucheke nawe mpaka mwisho, najua, na tulicheka, lakini umetuachia kazi, na kazi yenyewe inatakiwa leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Gitega waliomhudumia usiku na mchana na wakatuambia ukweli tulipouomba, tunawashukuru mzee Uthmani na mama Amisa waliompa makao alipokuwa hana, mapadri na wanakwaya, mafundi na waendesha baiskeli wa Mutaho waliofunga kazi siku tatu, majirani waliotuletea maji, kuni, maharage na viti. Na tunamshukuru Bonifasi. Nalitaja jina lake kwa sauti ili lisikike mpaka barabarani, BONIFASI, ambaye aliacha harusi ya binti yake mwenyewe, akashika machela mbele, begani, akashuka nayo mlima wote bila kupokelewa, nguo yake mpya ya harusi ikachanika, na ambaye leo amesimama nje ya ua na mke wake, karibu na njia, kwa sababu anaogopa kuingia kwenye msiba wa rafiki yake.

Karatasi yangu inaishia hapa, yaliyobaki nayasema bila karatasi. Moses, mwanangu, mimi ni shangazi yako, nilikubeba, na tangu Jumanne umepita mbele ya mtu huyu mara nyingi hujampa mkono. Sikulaumu, hukujua, mama yako alikula kiapo. Sasa unajua. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba hii kuanzia leo, na vijana wale wanakutazama wewe, hawanitazami mimi, ukiinama watainama, ukinyanyua kitu watanyanyua. Nenda nje ya ua ukamlete baba yako mdogo. Sisomi tena neno mpaka uende.

Nasubiri.

Mpisheni njia. Nyinyi wa benchi la pili, ondoeni miguu, apite. Haya, amefika kwenye ua. Wanazungumza, sisikii wanasema nini, wala si lazima tusikie. Emerensiana, usilie hivyo, tazama, tazama mwenyewe! Amemshika mkono. Mungu wangu, wanakuja, wanakuja wote wawili, na mke wa Bonifasi nyuma yao, mpeni kiti hapa mbele, kando ya Emerensiana, hapo hapo. Bonifasi, pole, ndugu yetu, pole sana kwa kufiwa.

Ndugu zangu, lile neno la mwisho ambalo husemwa juu ya kila kaburi nilikuwa nalo mdomoni tangu asubuhi, nikawa naogopa kulisema, maana dakika tano zilizopita lingekuwa uongo. Sasa nalisema. Venansi, kaka yangu, pumzika kwa amani.